Kunde za jirani

Jua la Nairobi wiki hii halina huruma. Sukuma wiki wangu wamelala, lakini kunde za jirani hapa Kangemi zimesimama tu, kijani kibichi.

Leo jioni nimemuuliza, "Mama, hizi unazipa nini?"
Akacheka, akang'oa mche mmoja.

Jamani, ile mizizi! Vinundu vitupu.
Akapasua kimoja kwa ukucha: ndani ni waridi, karibu rangi ya damu. Humo bakteria wanageuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea.

Kuna kuvu pia kwenye mizizi hiyo, nyuzi zao nyembamba kuliko mzizi, zinafyonza maji mahali mzizi haupenyi. (Sukuma hawapatani na kuvu hao, wajeuri!)

Ile waridi bado naiona.

Nani amewahi kupasua kinundu? Tupieni picha hapa.