Kisu cha elfu saba na miche yangu ya maparachichi

Bwana shamba alipokuja kutufundisha kubebesha miparachichi, yaani kuunganisha kijiti cha mti mzuri kwenye mche mwingine, alichomoa kisu kutoka kwenye ala ya ngozi akakilaza mezani taratibu, kama mtu anayeonyesha saa ya dhahabu. Tukamuuliza bei. Alipoitaja, shemeji yangu alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hela ile, hapa kwetu Tukuyu mwaka ule ulikuwa unaondoka na mbuzi.

Mimi nilikuwa na kisu cha kukunja cha elfu saba, nimekifunga kwenye pindo la kanga. Sikukitoa. Niliona aibu.

Hakikuwa cha kwanza. Cha kwanza kilikuwa cha elfu mbili na mia tano, hakina jina wala kufuli, ukikibonyeza kwa nguvu kinajikunja chenyewe. Nilikuwa nakata kamba ya gunia la mbolea kikanifungia kidole cha shahada. Kovu ninalo mpaka leo. Tangu siku hiyo, kisu kisichojifunga kikishafunguka sikinunui hata nikipewa kwa bei ya pipi.

Hiki cha elfu saba nilikipata Tunduma, kimevuka mpaka kutoka upande wa Zambia. Ni Okapi, vile visu vyenye mpini wa mbao uliopambwa mwezi na nyota, na pete ndogo mgongoni. Ukikifungua kinalia kra-kra-kra, jino baada ya jino, na hakirudi mpaka uinue ile pete. Watoto wangu wakisikia mlio huo wanajua muwa unamenywa, wanatokea hata walipokuwa wamelala. Baadaye nilikuja kujua visu hivi vilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, vikiletwa kuuzwa kwenye makoloni ya Mjerumani huku Afrika, na sisi tukiwemo. Siku hizi vinatoka Afrika Kusini. Kwa hiyo huenda babu wa mume wangu naye alisikia kra-kra hiyo hiyo.

Kazi zake kwa siku sijawahi kuzihesabu. Asubuhi kinafungua gunia, kinakata mpira wa maji uliotoboka, kinachonga kigingi cha mbuzi. Mchana kinamenya chungwa. Kikiwa kwenye basi kinagawa embe kwa jirani nisiyemjua, tukishuka tumeshakuwa ndugu. Kisu cha jikoni ni kirefu, hakibebeki, na ukikipeleka shambani jioni unakitafuta kwenye majani kwa tochi. Panga nalo ukilitumia kumenyea chungwa watu wanakushangaa. Kuna wanaoniangalia vibaya kwa kuwa mwanamke anatembea na kisu, lakini hao hao kamba ikikaza ndio wa kwanza kusema, "Mama Tumaini, hebu lete kale kakisu."

Sasa kubebesha. Msimu ule wa kwanza nilibebesha miche arobaini kwa siri, kwa kisu changu kama kilivyo. Ikashika kumi na mmoja. Nililala vibaya wiki nzima, maana vikonyo, yaani vijiti vya kubebesha, vya Hass, ile aina ya parachichi, nilikuwa nimevinunua. Na Hass haiwi Hass kwa kupanda kokwa. Kokwa litakuletea mti wenye tabia zake. Mti wa kwanza kabisa aliuotesha mpeleka barua mmoja wa California, Rudolph Hass, akausajili mwaka 1935. Ulikufa mwaka 2002, lakini kila mparachichi wa Hass unaouona Rungwe au Njombe ni kijiti kilichotokana na ule, kimekatwa, kikabebeshwa, kikakatwa tena. Ukivunja kikonyo kwa kisu kibaya umeukata uzi huo palepale mkononi mwako.

Nilichukua miche iliyokufa nikaifungua. Kosa likaonekana. Kikonyo kinachongwa pande mbili kama kabari, urefu wa sentimita tatu hivi, halafu kinaingizwa kwenye shina lililopasuliwa, ganda bichi la huku likutane na ganda bichi la kule. Kabari zangu zilikuwa na tumbo. Katikati zinagusa, pembeni pana mwanya, na mwanya ukikauka basi.

Nikakumbuka kisu cha bwana shamba. Kilikuwa kimenolewa upande mmoja tu; upande wa pili bapa tupu, kama patasi ya seremala. Changu kilinolewa pande zote mbili, ndiyo maana kilikuwa kinapanda na kushuka kwenye mti badala ya kuteleza sawasawa.

Hapo ndipo bei iliponisaidia. Kama ningekuwa na kile cha bei ya mbuzi nisingethubutu kukigusa. Cha elfu saba nilikaa nacho jioni mbili na kinoo cha maji. Nilipaka wino wa maka pen kwenye makali ili nione jiwe linagusa wapi. Wino ukifutika katikati na kubaki ukingoni, basi pembe yangu si sahihi. Upande mmoja nikaulaza bapa kabisa mpaka wino wote ukaondoka. Upande wa pili nikaupa mteremko. Nikamalizia na msasa mlaini uliolala juu ya kipande cha kioo, halafu nikapitisha makali kwenye mkanda wa zamani wa mume wangu, nikivuta kurudi nyuma tu, bila kusukuma. Mume alipouona mkanda akanyamaza. Kisu kikanyoa vinyweleo vya mkono.

Miche arobaini iliyofuata ilishika thelathini na mitatu. Sidai ni kisu peke yake. Mkono nao ulishazoea, na nilijifunza kufunga nailoni kwa kukaza na kufuta makali kwa spiriti kabla ya kuhamia mche mwingine ili nisieneze ugonjwa. Ila kabari zilikaa bapa, hata kwa macho ulikuwa unaona.

Usumbufu wake ni kutu. Chuma cha aina hii hakipatani na mvua, na Tukuyu mvua ndiyo mwenyeji, sisi wageni. Mwanzoni nilikipaka mafuta ya kupikia, kikawa kinanata kwenye bawaba kama kimepakwa gundi. Mafuta ya cherehani ndiyo yanafaa, tone moja, halafu ufute. Weusi unaotokana na maembe mabichi na ndimu sihangaiki nao, huo si kutu, ni rangi tu. Na usikiweke kimefungwa kikiwa na maji. Nimesema mara ngapi nyumbani, hakuna anayesikia.

Mwaka juzi nilikisahau kwenye mkoba nikienda Dar kwa ndege, kikabaki kwa walinzi. Nilisikitikia kule kunoa kwangu kwa jioni mbili, kisu chenyewe nilinunua kingine wiki iliyofuata.

Kisu halisi cha kubebeshea nimekuja kukinunua, baada ya kuuza miche. Ni kizuri, sisemi uongo. Ukibebesha miche mia mbili kwa siku mkono hauchoki. Kinakaa kwenye kopo lake kitaluni na hakitoki hapo. Kwenye pindo la kanga bado kuna kile cha kra-kra, isipokuwa wiki hii. Mama mkwe alikiazima Jumapili amenye viazi, na jana nimekuta amekifunga uzi mwekundu kwenye pete. "Mwanangu," ananiambia, "hiki chepesi kinanifaa mimi, wewe una kile cha kisomi." Nimemwagiza dereva wa Tunduma aniletee viwili.