Tulivyojipikia Jambiani: likizo niliyoipanga kwa kuhesabu mwezi

Tulipotangaza kwamba tunakwenda Unguja kupumzika wawili tu, bila watoto, bila semina ya kikazi na bila harusi ya mtu yeyote, kila aliyetuzunguka hapa Morogoro aligeuka kuwa mshauri. Tuliposema kwamba tutakodi nyumba yenye jiko na kujipikia wenyewe, ushauri ukageuka kuwa huruma. Wifi yangu aliuliza kama likizo ya mwanamke ni kuhama kutoka jiko moja kwenda jingine. Mfanyakazi mwenzangu, ambaye huenda visiwani mara kwa mara na hurudi na picha nyingi kuliko habari, alisisitiza kwamba vyakula vya kule vina bei ya watalii, kwa hiyo tubebe kila kitu kutoka bara, hadi vitunguu. Mwingine alisema bahari ni bahari, tuchague tu tarehe ambazo nyumba ni rahisi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetufaa, na mpango nilioupanga mwenyewe katika daftari la shule la binti yetu ulikwenda vizuri kiasi kwamba bado ninautembezea watu.

Sababu ya kujipikia haikuwa ubahili peke yake, ingawa ubahili ulikuwepo na sitaukana. Mume wangu ana vidonda vya tumbo, na kwenye safari za kikazi nimemwona akiteseka kwa pilipili za watu. Tena, ukipiga hesabu ya kula mkahawani ufukweni asubuhi, mchana na usiku, watu wawili, utakuta tumbo linalipa kuliko kitanda. Tulichagua Jambiani, upande wa kusini-mashariki, kwa sababu huko nyumba za kukodi zimechanganyika na nyumba za wenyeji, na palipo na wenyeji hapakosi duka la unga, mkaa na samaki wa bei ya kawaida. Nungwi, kaskazini, maji hayaendi mbali na mtu anaweza kuogelea karibu saa yoyote, lakini hoteli ni nyingi na bei zake hazikutupendeza.

Nyumba tuliitafuta kwa simu. Bei zote zilizotangazwa zilikuwa za dola kwa usiku, na ndipo nilipomwachia mume wangu kazi anayoiweza, yaani kusalimia. Hakuuliza bei. Alimsalimu mwenye nyumba, akaulizia hali ya mvua, akaulizia watu wa nyumbani, kisha akasema sisi ni Watanzania, mtu na mkewe, tunaomba bei ya mkaazi. Dola zikatoweka na kiasi kikashuka karibu nusu, kikawa kama elfu sabini hivi kwa usiku. Yangu ilikuwa hila nyingine: sikuomba picha ya chumba wala ya bahari, kwa sababu hizo hazikosekani. Niliomba picha ya kabati la jikoni likiwa wazi. Nyumba ya kwanza ilikuwa na glasi nyingi za mvinyo, kifungulia chupa na sahani nyeupe za kupendeza, lakini hapakuwa na mwiko wala sufuria ambayo ingetosha wali wa watu wawili wenye njaa. Ya pili walikataa kupiga picha. Ya tatu, pembeni kabisa mwa picha, nyuma ya mlango, niliona mbuzi ya kukunia nazi imeegemezwa ukutani. Nikamwambia mume wangu atume malipo ya awali, kwa sababu katika nyumba ile watu walikuwa wanapika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Kuna mzee anayeuza samaki wa kukaanga karibu na soko letu, mtu wa Kilwa, ambaye alivua kwa miaka mingi kabla ya kuhamia huku kwa mwanawe. Nilipomwambia kwamba tunakwenda Jambiani, aliniuliza, "Mnakwenda mwezi ngapi?" Nikajibu Agosti. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Hakuwa anauliza mwezi wa kalenda ya ofisini. Alikuwa anauliza mwezi wa angani utakuwa umefika tarehe ngapi. Alinieleza taratibu, huku wateja wakisubiri na kununa, kwamba mwezi ukiandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa ya bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Baina ya hapo, mwezi unapokuwa nusu, maji huwa mafu, yaani hayapandi sana wala hayashuki sana. Nilikuja kusoma baadaye kwamba katika bamvua jua na mwezi huivuta bahari katika mstari mmoja, na mwezi ukiwa nusu huivuta kila mmoja upande wake, lakini mzee hakuhitaji jua kunifundisha.

Kwa nini hilo lina maana kwa mtu wa likizo? Kwa sababu pwani ya mashariki ya Unguja ina mwamba mbele, mbali na ufukwe, na kati ya mwamba na ufukwe sakafu ya bahari ni tambarare. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu, na maji yakipwa huondoka hadi karibu na mwamba, yakaacha uwanda wa mchanga, majani na vidimbwi. Jambo ambalo washauri wangu wote hawakulijua ni kwamba saa zenyewe hazibahatishi. Katika pwani ile, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, hujaa kwenye saa kumi au saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hata yanapopwa jioni hayaendi mbali sana. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Kwa hiyo, mtu anayetaka kuogelea asubuhi baada ya chai, kama mume wangu, ambaye amekulia Njombe na huiamini bahari pale tu inapokuwa kiunoni mwake, akifika siku za bamvua atashinda akiutazama mchanga.

Niliazima kalenda ya Kiislamu ya jirani, ile inayotundikwa ukutani ikiwa na saa za swala, nikaanza kupanga. Nilitafuta wiki ambayo mwezi mwandamo ungekuwa na siku saba hivi tunapofika, na ungekaribia kutimia tunapoondoka. Faida zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Siku za mwanzo tuliogelea asubuhi katika maji tulivu. Kadiri siku zilivyosogea kuelekea bamvua, kuogelea kukahamia mchana na jioni, na asubuhi zikawa za kutembea nchi kavu hadi kwenye mashamba ya mwani, ambayo akina mama wa huko wameyalima tangu mwaka 1989 kwa kufunga mbegu kwenye kamba zilizovutwa baina ya vijiti. Usiku tulikuwa na mbalamwezi tangu jioni, tukawa hatuhitaji tochi kwenda dukani. Kalenda hiyohiyo ilinisaidia kuepuka Ramadhani, ambapo kula hadharani mchana si adabu na migahawa ya kijijini hufungwa. Yule wa "bahari ni bahari" alikuwa amekwenda mwaka uliotangulia katika siku za mwezi mpevu, akarudi akilalamika kwamba tangazo la hoteli lilikuwa la uongo kwa sababu bahari haikuwepo. Ilikuwepo, ila ilikuwa inarudi saa kumi.

Mizigo ilikuwa vita nyingine. Shangazi yangu alinifungia mfuko wa viungo vya pilau pamoja na karafuu. Karafuu, za kupeleka Zanzibar! Niliupokea kwa heshima na nikauacha kabatini. Tulichobeba ni kilo chache za mchele wa Mbeya, kisu kikali, kwa sababu nyumba za kukodi hazina kisu kinachokata, dawa za mume wangu, vikapu viwili imara, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku bara na visiwani, na yeboyebo za kuvaa majini, kwa kuwa penye mawe kuna wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi ambao hawana msamaha. Mtungi wa gesi usithubutu. Uko ndani ya nyumba, uliza tu kama umejazwa.

Vya sokoni tulivinunua njiani, na hapa naomba msomaji anisikilize. Darajani, kule mjini Unguja, ni soko zuri la kutazama, limejengwa mwaka 1904 na lina harufu ya kila kitu duniani, lakini mtu anayekwenda kusini akiwa na vikapu anunue soko la Mwanakwerekwe, ambako barabara inapita na bei zina adabu. Nyanya, vitunguu, ndimu, bilinganya, ndizi za kupika, tangawizi na mboga za majani tulizibeba kutoka hapo, kwa sababu ardhi ya Jambiani ni ya maweni, na mboga nyingi zinazouzwa kijijini zimetoka mjini kwa gari lilelile unalopanda wewe, kisha zikaongezewa nauli. Daladala namba 309 ilitupeleka hadi kijijini. Mwambie kondakta jina la mtaa unaokwenda, maana Jambiani ni ndefu, na kuteremka upande wa Kikadini wakati nyumba iko Kibigija ni mazoezi ambayo hukuyaomba.

Maji ya bombani yalikuwa na chumvi kidogo. Ya kuoga hayana shida, lakini chai yake hainyweki, kwa hiyo tulinunua madumu ya maji ya kunywa na kuyatumia pia kwa maharage. Umeme ni wa kulipia kabla, wenyewe huuita Tukuza. Kubalianeni mapema nani ananunua, la sivyo feni itazima katikati ya usiku na mtaanza kutafutana na mwenye nyumba.

Samaki ndio walionifurahisha zaidi, kwa sababu niligundua kwamba nao hufuata mwezi uleule. Siku za maji mafu mwamba haukauki vizuri, kwa hiyo pweza ni wa shida, lakini ngalawa zinaingia na changu na samaki wengine wa mwambani, nasi tulikuwa tunasubiri ufukweni na kikapu. Bei ya kwanza unayotajiwa si bei. Lakini ukiisha kusalimia vizuri na kurudi siku ya pili, wanakuita wenyewe. Kadiri bamvua ilivyokaribia, akina mama walianza kurudi kutoka mwambani wakiwa na pweza kwenye vijiti, na tukabadilisha chakula.

Pweza wa kwanza mume wangu alimtaka kwa ajili yake. Rafiki yake mmoja alikuwa amemwambia kwamba pweza huchomwa moja kwa moja kwenye makaa kama mishikaki, na kwamba siri ni moto mkali. Aliwasha jiko la mkaa nje, akavua shati, akakataa msaada. Harufu ilikuwa nzuri mno. Majirani wawili walipita na kutupongeza. Tulipokaa kula, nilitafuna kipande kimoja tangu mbalamwezi ikiwa upande mmoja wa mnazi mpaka ikahamia upande wa pili, na kilikuwa kama ndala. Yeye hakukubali. Alisema kina ladha ya moshi, akaendelea kutafuna kwa heshima ya mfuko wake.

Asubuhi yake bibi anayetunza nyumba alituuliza tulikula nini, naye mume wangu, kwa kuwa ni mkweli, alimweleza. "Mjukuu wangu, hukumpiga?" bibi aliuliza kwa masikitiko ya kweli. Alimleta pweza mwingine, akampiga kwenye jiwe kwa muda mrefu, akamsafisha, kisha akambandika kwenye sufuria bila tone la maji na bila chumvi. Pweza alitoa maji yake mwenyewe, mekundu, akaivia humohumo kwa moto mdogo hadi uma ulipoingia bila kubishana. Ndipo likaja tui jepesi, vitunguu, nyanya, bizari, ndimu na chumvi ya mwisho, kisha tui zito. Nazi niliikuna mimi kwa ile mbuzi ya nyuma ya mlango. Hatukutia pilipili, na tumbo la mume wangu halikulalamika.

Mambo mengine ni madogo. Nilivaa kanga kila nilipopita kijijini na nguo za kuogelea zikabaki ufukweni. Mwenye nyumba alitaka nakala za vitambulisho kwa ajili ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, kwa hiyo msiviache nyumbani, na boti nayo inavitaka. Kwenye msitu wa Jozani, katika barabara hiyohiyo, tulisimama kuona kima punju, ambao hawapatikani porini nje ya Zanzibar, nao walitutazama bila kupendezwa.

Kuhusu gharama, nauli za boti ndizo zilizoumiza. Chakula chote cha wiki, pamoja na pweza aliyepotea, hakikufika bei ya chakula cha jioni mara tatu katika mkahawa wa ufukweni ambao tuliusoma tu orodha yake mlangoni. Mume wangu sasa anataka Mafia, kwa boti ya kutoka Nyamisati, ili akawaone papa potwe. Wiki iliyopita alimpigia simu mwenye nyumba mmoja wa Kilindoni, akamaliza salamu zote, kisha nikamsikia akimuuliza, kwa sauti ya mtu anayejua, mwezi utakuwa ngapi katikati ya Novemba.