Mfereji wa Hezekia na Lawama ya Isaya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Masomo yetu wiki hii ni 2 Mambo ya Nyakati 32:1-8 na 30, pamoja na Isaya 22:8-11. Ukiyasoma kwa kufuatana, bila kuruka, utakwama mahali. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati anautaja mfereji wa Hezekia pale anapohesabu mafanikio ya mfalme huyo, na kwake ni sifa tupu. Isaya, aliyeishi Yerusalemu miaka hiyohiyo na kuyaona mambo kwa macho yake, anazitaja kazi za maji na za kuta za mji kwa uchungu. Somo la kwanza tunalipenda sana kwenye uzinduzi wa miradi. La pili sijalisikia likisomwa siku ya kukata utepe.

Tuanze na mahali penyewe. Mji wa Daudi ulikaa kwenye mgongo mwembamba wa kilima, na chemchemi yake ya kutegemewa ilikuwa moja, Gihoni, chini kwenye bonde la Kidroni upande wa mashariki. Maji ya Gihoni yana tabia yake: hububujika kwa nguvu, hutulia, kisha hububujika tena, kwa sababu yanapitia mapango ya mwamba wa chokaa kabla hayajatokeza. Siku za amani watu walishuka, wakateka, wakapanda, maisha yakaendelea. Lakini adui akishapiga kambi bondeni, mji mzima umekabwa koo. Ndiyo maana Hezekia alishauriana na wakuu wake, watu wengi wakakusanyika, wakaziba chemchemi za nje. Hoja yao ilieleweka hata kwa mtoto: kwa nini wafalme wa Ashuru waje wakute maji tele?

Kuziba ni nusu ya kazi. Maji yaliyozuiwa nje sharti yafike ndani. Wakatoboa mwamba kutoka Gihoni hadi birika la Siloamu, mita 533. Ukipima juu ya ardhi kwa mstari ulionyooka hazizidi sana mita 320. Handaki lenyewe limejipinda kama nyoka, na wataalamu wamebishana miaka mingi kuhusu sababu. Vikosi viwili vilianza pande mbili, kila kimoja kikichimba kuelekea kwa wenzake. Sehemu nyingi upana ni kama sentimita 60, yaani ukipita mabega yanakwaruza ukuta. Karibu na walipokutana kuna vichochoro vifupi visivyokwenda popote: walichimba, wakaona wamepotea uelekeo, wakarudi nyuma na kujaribu upande mwingine. Alama za sururu zipo mpaka leo, na ukizifuata utafika mahali zinapogeuka. Zilizokuwa zikielekea kusini zinakoma, na mbele yake zinaanza zinazoelekea kaskazini. Kutoka mwanzo hadi mwisho sakafu inashuka kama sentimita 30 tu. Fundi yeyote aliyewahi kutandaza bomba anajua hiyo ni kazi ya namna gani. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya mabaki ya mimea yaliyonaswa kwenye lipu ya handaki hilo, na majibu yakaangukia karibu na mwaka 700 KK, siku za Hezekia.

Mwaka 1880 vijana waliokuwa wakicheza majini upande wa Siloamu waliona herufi zimechongwa ukutani. Zilikuwa mistari sita ya Kiebrania cha kale. Jiwe hilo sasa liko katika jumba la makumbusho Istanbul, kwa kuwa Yerusalemu wakati ule ilitawaliwa na Waturuki. Yaliyoandikwa ni masimulizi ya siku ya kukutana. Zilikuwa zimebaki dhiraa tatu za mwamba (dhiraa moja ni karibu nusu mita), ndipo ikasikika sauti ya mtu akimwita mwenzake. Siku mwamba ulipotoboka, wachimbaji wakapiga kila mtu kumwelekea mwenzake, sururu kwa sururu, na maji yakaenda kutoka kwenye chimbuko hadi birikani, dhiraa 1200. Mwamba juu ya vichwa vyao ulikuwa dhiraa 100.

Basi. Mfalme hakutajwa. Msimamizi hakutajwa. Hata Mungu hakutajwa katika mistari hiyo, jambo ambalo huwasumbua baadhi ya wapendwa ninapolieleza. Mimi halinisumbui. Nadhani ni watu waliokuwa wamechoka, wamelowa, wenye furaha, walioona kwamba kilichostahili kuchongwa ukutani ni ile sauti ya mwenzao kutoka upande wa pili wa jiwe. Na walichonga ndani ya handaki, mahali ambapo hakuna mgeni wa heshima angepita na kusoma.

Senakeribu, mfalme wa Ashuru aliyemjia Hezekia, naye alikuwa bingwa wa maji, tena mkubwa kuliko Hezekia kwa mbali. Kule Jerwan, kaskazini mwa Iraki ya leo, alijenga daraja la mawe lenye urefu wa zaidi ya mita 280 ili kuvusha mfereji juu ya bonde, maji yafike mashamba ya Ninawi. Thorkild Jacobsen na Seton Lloyd walilichimbua miaka ya 1930, na mawe yenyewe yana maandishi: Senakeribu, mfalme wa dunia, mfalme wa Ashuru. Ni kazi ya kustaajabisha, wala sioni sababu ya kuidharau kwa kuwa mwenyewe alikuwa adui wa watu wa Mungu. Ila jina lake limo kila mahali.

Sasa Isaya. Katika sura ya 22 anawahesabia watu wa Yerusalemu mambo waliyoyakazia macho wakati wa hatari: silaha zilizohifadhiwa, nyufa za mji wa Daudi, maji ya birika la chini. Walihesabu nyumba za mji, wakazibomoa baadhi ili kuimarisha ukuta. Hapo Isaya hakutia chumvi. Miaka ya 1970 Nahman Avigad alichimbua Yerusalemu kipande cha ukuta wa wakati huo chenye unene wa mita 7, na kimekatisha juu ya misingi ya nyumba za watu. Familia iliambiwa itoke, na mawe ya kuta zao yakaingizwa kwenye boma. Wanaoishi kwenye maeneo yaliyowekewa alama ya X kupisha barabara watalielewa hilo haraka kuliko mimi.

Nabii anamalizia kwa kusema kwamba walijenga birika kati ya kuta mbili, lakini hawakumtazama yeye aliyeyafanya hayo, wala hawakumjali aliyeyapanga tangu zamani. Angalia asichokisema. Hasemi wabomoe birika. Hasemi kuchimba ni kukosa imani, kama tunavyosikia siku hizi kwa wahubiri wanaomkataza mgonjwa dawa. Anauliza macho yao yalikuwa wapi. Gihoni ilikuwa ikibubujika kabla Daudi hajazaliwa. Handaki lilihamisha maji, halikuyafanya. Watu wakashangilia handaki, na aya zinazofuata zinatuonyesha wakichinja ng'ombe na kondoo, wakila na kunywa kwa sababu kesho watakufa, siku ambayo Bwana alikuwa amewaita walie.

Hapa nawagusa kidogo ndugu zangu wa kamati za miradi. Kanisa likipata kisima, kibao kinachobandikwa huwa na jina la mfadhili, la askofu, la mgeni rasmi na tarehe. Sina ugomvi na kushukuru mfadhili. Lakini wale vijana walioshuka shimoni kwa kamba wakipandisha udongo kwa ndoo, majina yao hata mweka hazina huyajua kwa kuangalia vocha. Na sala ya shukrani kwa Mungu wa mvua na mwamba mara nyingi hupewa dakika mbili, baada ya hotuba.

Tumrudie Hezekia, kwa maana habari yake haikuishia kwenye lawama. Isaya alikuwa amewahi kumkuta Ahazi, baba yake Hezekia, mwisho wa mfereji wa birika la juu, kwenye njia ya uwanja wa dobi. Alimwambia atulie, asiogope. Ahazi hakutulia; alichukua fedha na dhahabu ya hekalu akampelekea mfalme wa Ashuru kununua ulinzi. Miaka ikapita, na mwaka 701 KK mjumbe wa Ashuru, Rabshake, akaja kusimama papo hapo, kwenye mfereji uleule wa birika la juu. Soma 2 Wafalme 18 uone anavyozungumzia maji. Anawatisha waliokaa ukutani kwamba watakunywa mkojo wao. Kisha anabembeleza: jisalimisheni, na kila mtu atakunywa maji ya birika lake. Alijua pa kubonyeza.

Hezekia angeweza kumjibu. Maji alikuwa nayo ndani ya mji, na adui hakuwa na njia ya kuyafikia. Badala yake aliwaamuru watu wanyamaze, akararua nguo zake, na barua ya vitisho ilipofika akaipeleka hekaluni akaikunjua mbele za Bwana. Sala aliyoomba iko katika 2 Wafalme 19:15-19. Anamwita Mungu muumba wa mbingu na nchi. Anakiri kwamba wafalme wa Ashuru wameyaharibu mataifa kweli, hafichi. Anaomba waokolewe ili falme zote zijue kuwa Bwana ndiye Mungu. Handaki halimo. Ukuta wa mita 7 haumo.

Isomeni sala hiyo kwa sauti nyumbani Jumatano, kabla ya maombi ya familia. Na kama kuna mtu kwenye jumuiya yako anayejipatia riziki kwa kuchimba visima au mitaro, mtaje kwa jina mbele za Mungu.