Samaki Tuliokula Bure

Bwana asifiwe, wapendwa.

Juma hili washirika hawakuzungumza lingine ila hoteli zilizofungwa. Ilianza na picha moja ya Lwang'ni, ile safu ya hoteli za mabati ufuoni hapa Kisumu, kabla hazijabomolewa kupisha kazi za bandari. Jina lenyewe kwa Dholuo maana yake ni nzi, na hakuna mlaji aliyewahi kurudi nyumbani kwa sababu hiyo. Picha ikazaa nyingine: kibanda cha chapati kando ya barabara ya Kibuye, hoteli ya mtori na matumbo karibu na steji, mama wa omena, yaani dagaa, aliyekuwa akifungua saa kumi na moja alfajiri. Kila mtu akaeleza alivyokula. Ikawa kama matanga yasiyo na maiti.

Na kwa haki, chakula kile kilistahili kukumbukwa. Ngege, yaani tilapia, wa sahani moja, gramu 400 hivi, aliparuliwa magamba, akatolewa matumbo na mashavu, akachanjwa mara tatu kila upande hadi karibu na mfupa. Akipakwa chumvi, alilazwa kwenye wavu achuruzike maji mpaka ngozi ikauke. Majumbani hapo ndipo tunapoharibu. Samaki mwenye maji akiingia kwenye karai, mafuta yanaruka na kupoa, ngozi inagandamana na chuma, na ukimgeuza nusu inabaki chini. Wale akina mama walirusha kwanza chembe ya unga: ikichemka papo hapo na kuelea bila kuwa nyeusi, mafuta yako tayari. Kisha samaki hakuguswa kwa dakika tano au zaidi, kwa maana ngozi ikikauka huachia karai yenyewe. Mchuzi ulikuja mwisho: kwa samaki watatu, vitunguu viwili na nyanya nne, zikaangwe mpaka mafuta yajitenge juu, maji nusu kikombe, samaki alazwe na kumwagiwa mchuzi kwa kijiko, asikorogwe. Dakika tano, dhania, basi. Pembeni kuna ugali wa mtama na muhogo, na osuga, ile mboga ya mnavu, iliyolazwa kwenye maziwa.

Sasa tufungue Hesabu 11:5. Mnaijua. "Twakumbuka samaki tuliokula huko Misri bure." Kwa kawaida mstari huu huhubiriwa kama onyo juu ya kutamani ya nyuma, na onyo hilo lipo. Lakini juma hili lililochoma ni neno la mwisho, bure. Bure namna gani? Watu hawa walifinyanga matofali chini ya mijeledi, na watoto wao wa kiume walitupwa katika mto uleule uliotoa samaki. Gharama ilikuwepo, tena kubwa, ila tumbo halina daftari. Tumbo linakumbuka ladha na kusahau aliyelipa.

Basi wapendwa, tuulizane bila kuoneana haya. Katika zile hoteli tunazozililia, sisi tulikula kwa bei gani? Wangapi tulisema, "Mama, niandikie, mwisho wa mwezi nitapitia"? Na mwisho wa mwezi tukapitia barabara ya nyuma? Kalamu inayoandika haya nayo haijinasui.

Tukae kidogo na hesabu, maana dhambi hii hujificha katika udogo wake. Chukua mfano wa sahani ya shilingi 400. Samaki amenunuliwa ufuoni asubuhi kwa 250, pesa taslimu, kwa sababu wa ziwani hawakopeshi. Unga, mboga, mafuta na makaa ni 70. Kodi na mhudumu, 30. Jumla 350, faida 50. Mtu mmoja akila na asilipe, mama amepoteza 350, na lazima auze sahani saba kwa wengine ili arudi pale alipokuwa. Wakiwa watatu kwa siku moja, ni sahani 21 za jasho tupu. Akiuza 24 zilizolipwa, anakwenda nyumbani na shilingi 150. Sisi watatu tumekwenda nyumbani tumeshiba, na pengine tumeomba kabla ya kula.

Kesho yake hana mtaji wa samaki 27. Anapunguza idadi, au ananunua wadogo. Mafuta yaliyopaswa kumwagwa yanatumika siku ya nne. Mafuta yakichoka hutoa povu, huwa meusi, hushika moshi upesi, na samaki anatoka mchungu nje hali hajaiva kwenye mfupa. Ndipo tunaanza kusema, "Siku hizi pale pameharibika." Tunahamia kwingine, tukiwa na deni la kule mfukoni na ulimi wa malalamiko mdomoni! Nani aliyepaharibu?

Kafyu ya korona ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, biashara ya samaki wa jioni ilikatika shingo. Kafyu haikuondolewa mpaka Oktoba 2021. Mwenye akiba kidogo alisubiri. Ambaye akiba yake ilikuwa daftarini alikuwa na majina tu, na majina hayanunui makaa. Ni kweli, nyingine zilifungwa kwa kodi, kwa tingatinga, kwa ugonjwa. Hayo hatuwezi kuyajibia.

Lakini kanisa tunaweza kulijibia, na hapa naomba wazee na kamati za chakula wavumilie. Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi hukopa matanga, halafu hatulipi kabisa. Mama anaambiwa apike kwa ajili ya watu 100: unga kilo 25, mchele kilo 12, nyama, kabichi, kuni, sufuria za kukodi. Anapika usiku kucha. Jeneza likishafukiwa, mweka hazina hapatikani kwa simu, na mama anaambiwa, "Ni kazi ya Bwana, utabarikiwa." Ndugu zangu, hiyo si baraka. Mithali 3:28 inasema wazi: usimwambie jirani yako, "Nenda, urudi halafu, na kesho nitakupa," nawe unacho. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Huwezi kufunga na kuomba siku tatu juu ya kelele hizo. Kamati isiagize chakula kabla nusu ya fedha haijawa mkononi mwa mpishi, na nusu ya pili ilipwe siku ileile kabla ya vyombo kuoshwa. Kiasi kiandikwe kwa kilo, pande zote mbili zitie sahihi. Kama fedha haitoshi, watu wanywe chai na mkate. Hakuna aliyekufa kwa kunywa chai matangani.

Yesu mwenyewe, ufuoni, aliwasha moto wa makaa akatia samaki juu yake, akawaambia wanafunzi wake, "Njoni mfungue kinywa." Nao walikuwa wamemkimbia usiku ule aliokamatwa. Aliwalisha kwanza, kisha akasema na Petro, aliyemkana, juu ya lile lililokuwa katikati yao.

Namna ya kurudisha, basi. Walawi 6:5 yatoa kipimo: deni kamili, na sehemu ya tano juu yake. Uliandikiwa 3,600? Ongeza 720, iwe 4,320. Kama ni nzito, 540 kila juma kwa majuma manane, kwa M-Pesa, siku ileile kila juma ili usijidanganye. Humjui aliko? Waulize wauza samaki wa ufuo wa Dunga au wa soko la Kibuye. Waliomuuzia wanajua alikohamia. Kama amefariki, wapo watoto. Hesabu 5:8 inataja hata jamaa wa karibu, kwa hiyo kufiwa kwao hakukufuti deni lako. Usipeleke sadaka kanisani badala yake, na mchungaji akiipokea akijua, naye akaulizwe.

Ukimpata, usianze na Maandiko. Anza na pesa. Mpe mkononi au mtumie ukiwa umesimama mbele yake, taja hoteli, taja mwaka unaoukumbuka. Akikataa kwa adabu, rudia mara ya pili. Akilia, nyamaza.

Alhamisi kwenye ushirika kila mmoja aje na karatasi yake: jina la hoteli na kiasi. Hakuna kusomeana. Na yeyote kati yetu aliyewahi kupikia wengine na kulipwa kwa baraka, tafadhali naye aje na yake.