Chakula Chenye Nguo Yake

Mikono ya mvuvi ina harufu yake. Ukishakata ngisi vipande, ukatia chambo kwenye ndoana, ukamchomoa samaki aina ya changu na utelezi wake wote, mkono huo huo ndio unaoutegemea ukulishe saa nne ya asubuhi, na maji matamu mliyobeba ni ya kunywa, si ya kuchezea. Mimi na mjomba wangu huenda kuvua kwa mshipi karibu kila Jumamosi. Mambo ya bahari amenifunza yeye. Hili la chakula cha kubeba baharini tulijifunza pamoja, siku moja ambayo sitaki irudi.

Ulikuwa mwezi wa pili, kaskazi imetulia na joto limebana mji. Mke wangu alikuwa amepika mbaazi za nazi usiku, akarauka kuchoma mahamri, akazipasha zile mbaazi akazitia kwenye hotipoti. Harufu ya iliki ilitufuata mpaka Bandari ya Kale, hapa Mombasa. Nami nikaongeza soda mbili na chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaona tumejitosheleza. Tukatoka baada ya swala ya alfajiri, Ngome ikiwa kuliani mwetu, kuelekea nje ya mwamba.

"Mjomba, umekula kitu?"

"Ntakula tukishatia nanga, mwanangu. Twende, maji yasitupite."

Dawa yake ya sukari alikuwa ameshaimeza nyumbani. Na samaki walianza kula mapema siku ile. Samaki wakila, hakuna anayekumbuka tumbo lake. Ilipofika saa nne na nusu nikafungua hotipoti nikakuta mbaazi zimechacha: povu jembamba juu, na ile harufu kali inayokupanda puani kabla hujainama. Nikazifunika. Mjomba akasema hana haraka, hamri kavu halimwendi, atangoja turudi.

Saa sita kasorobo nikaona mshipi wake umelegea vidoleni na yeye hauangalii. Jasho lilikuwa likimtoka, lakini nilipomshika mkono ulikuwa baridi. Nikamuuliza kama anaumwa, akanijibu habari za injini. Mamangu, dada yake, ana ugonjwa huo huo, kwa hivyo nilijua ninachokiona: sukari imeshuka. Nikamnywesha soda kidogo kidogo, kisha nikamsimamia akala hamri zima. Baada ya kama robo saa akanitazama, akauliza tuko wapi. Tukang'oa nanga.

Soda ile ndiyo iliyotuvusha, nami siisahau. Lakini jioni yake, nikiosha ile hotipoti, nilielewa kwamba kosa lilianzia kwenye kikapu. Tulibeba chakula cha mezani kwenda nacho mahali pasipo na meza. Tui la nazi haliwezi kukaa kwenye joto, na hotipoti hailiokoi. Hupoa polepole, na ule uvuguvugu wa saa nyingi ndio vijidudu vinavyoupenda. Mbaazi za nazi nazipenda kama mtu yeyote wa Mombasa. Siku hizi nazila nyumbani.

Tangu hapo kipimo changu ni kimoja: chakula cha baharini kiwe na nguo yake. Kiwe kitu ambacho Mungu amekifunga mwenyewe, ukakivua kidogo kidogo huku unakula, bila kidole chenye ngisi kugusa kile kinachoingia kinywani.

Kiazi kitamu ndicho mfalme hapa. Nanunua soko la Kongowea, nachagua vilivyo sawa na ngumi, visivyo na tundu. Nachemsha Ijumaa usiku na maganda yake, chumvi kidogo, nakitoa kabla hakijapasuka, kwa sababu kikipasuka kinanyonya maji na asubuhi kinakuwa rojo. Naviacha vipoe kabisa wazi kabla ya kuviweka kwenye friji. Ukivifunika na moto wake vinatoka jasho na kuharibika upesi. Baharini unakishika upande wa chini, unamenya kidole kimoja cha ganda kutoka juu, unauma, unamenya tena. Ukifika mwisho, kile kipande ulichokuwa umekishikilia unawatupia samaki. Mkono wa kushoto unakula, wa kulia uko kwenye mshipi. Mjomba mwanzo alikataa kula kwa kushoto, nami sikumlaumu, hivyo tulivyolelewa. Basi yeye huhamisha mshipi kushoto akala kwa kulia, na samaki hawapotezi vile vile.

Mayai ya kuchemsha ni hivyo hivyo: matatu kwa kila mtu, yakiwa na maganda, yakae kwenye kisanduku cha barafu mpaka wakati wa kuliwa. Ndizi mbichi kidogo, zisizoiva sana, maana zilizoiva hupondeka kabla hata hujafika nje. Machenza yakiwepo. Njugu za maganda zilizochemshwa kwa chumvi. Tango zima, ambalo ukiuma lote ni maji. Maembe nilijaribu nikaacha. Utamu wake hauna mfano, lakini utomvu na majimaji yake yalitapakaa mpaka kwenye vigari vya kukunjia mshipi.

Muhogo nao naubeba mara nyingine, umechemshwa kwa chumvi tupu bila tui. Umenywe vizuri na uive sawasawa. Muhogo mchungu una sumu, si wa kujaribiwa haraka haraka. Na kwa wanaotaka mkate, mkate wa mofa wa mtama unavumilia kuliko hamri, kwa kuwa hauna tui wala mafuta ya kuchacha. Huo naufunga kwa kitambaa safi na kuushika kupitia kitambaa.

Sasa madafu, na hapa nitakaa kidogo.

Muuza madafu wangu namwambia Ijumaa baada ya swala: niteremshie sita, usinikatie. Anayachonga kichwani kwa panga mpaka ibaki ngozi nyeupe nyembamba, ukiigonga kwa kucha unasikia imelegea, lakini maji bado yamefungwa. Kazi ya panga imekwishia nchi kavu. Baharini mashua inayumba, na panga kwenye mashua inayoyumba ni hatari isiyo na sababu. Kwa dafu lililochongwa hivyo, ncha ya kisu kidogo inatosha. Nayafunika kwa gunia lililolowa maji ya bahari, upepo unapiga, na saa sita maji yake bado ni baridi kwenye koo. Kisha unapanua mdomo wake kwa kisu hicho hicho, unakula nyama yake laini kwa kipande cha kifuu chake. Chupa, kijiko na chakula, vyote kitu kimoja.

Ila dafu peke yake halitoshi. Lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu, ile ya chumvi unayotoka nayo kwenye jasho, ni kidogo. Ndiyo maana njugu na viazi vyangu vina chumvi kidogo. Na mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kwanza, kwa sababu hiyo hiyo potasiamu inaweza kumdhuru.

Maji ni lita tatu kwa kila mtu, wala sipunguzi hata tukienda karibu. Nusu nayagandisha kwenye chupa tangu usiku, bila kuzijaza mpaka juu zisije zikapasuka. Asubuhi zinakuwa barafu ya mayai, mchana zinakuwa maji ya kunywa, na sijanunua barafu. Chupa moja ni ya ukwaju: nauloweka, naukamua, nauchuja, natia chumvi kidole kimoja na tangawizi ya kusaga. Sukari sitii. Mjomba anaupenda hivyo, na mwenye kuchafukwa na moyo baharini atasaidiwa na ile tangawizi. Tena ukitaka usichafukwe, usitoke na tumbo tupu.

Soda bado tunabeba: chupa moja ndogo, yenye sukari kamili, imefungwa kwenye kitambaa chekundu chini ya kiti cha nyuma pamoja na tende chache. Haifunguliwi kwa kiu. Ni ya mjomba, na kila anayepanda mashua yetu nampa habari yake kabla hatujafungua kamba. Naye mjomba hamezi dawa mpaka nimeona amekula nyumbani, kisha ananiona nikichungulia saa kila baada ya saa tatu. "Umekuwa mama yangu," huniambia. Nami humpa kiazi.

Kwa mikono, nina chupa ya maji niliyoitoboa kifuniko kwa msumari. Kwanza unanawa maji ya bahari na sabuni, halafu unasuuza kwa uzi ule mwembamba wa maji matamu, halafu unasugua nusu ya ndimu. Harufu ya ngisi inakwisha. Kama ndoana imekuchoma utaikumbuka ndimu hiyo, lakini isugue tu.

Kusi ikianza kuvuma, mambo hubadilika. Nje hapaendeki, tunabaki ndani ya mkono wa bahari upande wa Tudor, mvua inatukuta mara kwa mara, na kinachotakiwa ni joto. Hapo madafu hupungua, inaingia chupa ya chai ya rangi yenye tangawizi na mdalasini, na viazi nachukua vya moto, nimevizungushia taulo.

Vyote hivi vinaingia kwenye kikapu cha ukili cha mamangu. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na hata ingekuwa halali nisingeibeba baharini: kasa humeza mfuko akidhani ni yavuyavu, yule mnyama laini wa kuelea. Maganda ya viazi na ya tango yanaenda majini. Chupa zinarudi nyumbani, zikaoshwe, zigandishwe tena.

Leo ni Alhamisi. Maji yatakuwa mafu Jumamosi, hayatajaa wala kupwa sana, mkondo wa mlangoni hautatusumbua, na mjomba ameshapiga simu mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama nimepata ngisi. Mara ya pili aliuliza kama viazi ni vile vyekundu vya wiki iliyopita, maana vyeupe, asema, havina utamu.