Mukuna kati ya mahindi: funika udongo mwekundu wa Lubumbashi

Mashamba mengi ya kando ya Lubumbashi hubaki wazi tangu mavuno hadi mvua za Novemba. Mvua inapopiga udongo mtupu, matone huziba vitundu vyake, maji yakateleza juu na kuondoka na tabaka lenye rutuba. Dawa ya bei nafuu ni mukuna, jamii ya kunde inayotambaa na kufunika ardhi.

Usiipande siku moja na mahindi: itakwea mabua na kuyaangusha. Subiri wiki 5 au 6, baada ya palizi ya pili, kisha tia mbegu 1 au 2 kwa shimo katikati ya mistari, kina sentimeta 3 hadi 5, shimo hadi shimo sentimeta 50. Chagua aina isiyowasha, maana upupu wa porini ni ndugu yake.

Mahindi yakishavunwa, iache itumie unyevu uliobaki. Ikianza kutoa maua, ikate chini na uiache palepale. Mizizi ikioza, huacha njia za maji kushuka. Mukuna inaleta kirutubisho cha nitrojeni, si cha fosforasi. Hiyo udongo huu bado utaidai.

Adui mkubwa ni moto wa kiangazi. Majani yakiungua, nitrojeni yake nyingi hupotea hewani, na ardhi inabaki uchi tena. Fyeka ukanda wa mita 3 hadi 5 kuzunguka shamba mapema, nyasi zikiwa bado mbichi.

Na tafadhali, mbegu zisiingie jikoni kama maharage: zina kemikali iitwayo L-dopa, na hutapisha.