Nilivyomfikisha Mama kwenye meza ya Kituruki

Mama alikataa mara tatu nilipomwalika kwenye mgahawa wa Kituruki. Kwanza alisema chakula cha hoteli kubwa hakishibishi. Mara ya pili akasema hana nguo ya kuingilia mahali pa namna hiyo. Mara ya tatu alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akatoa la moyoni: "Mwanangu, nikipewa ile menyu nitasoma nini? Nitakaa pale uniagizie kama mtoto." Huyu ndiye aliyetusomesha watoto wanne kwa ndizi za sokoni Marangu na kahawa ya kihamba, yaani shamba letu la nyumbani. Sikutaka aketi popote akijiona mdogo.

Fedha nilikuwa nimeshaweka kwa miezi mitatu. Kilichobaki kilikuwa maandalizi. Siku tatu kabla, nilipotoka kazini, nilipitia pale mgahawani hapa Arusha nikaongea na msimamizi. Niliuliza kama bei za menyu zina VAT ndani yake, maana asilimia 18 ikija juu ya hesabu uliyopiga kichwani inauma. Alisema imo, ila huduma inaongezwa pembeni. Kisha nikamwomba mambo mawili: meza iliyo karibu na jiko la mkaa, na kijana wa kumweleza mama yangu chakula kwa Kiswahili, kwa mdomo, bila menyu. Alikubali yote. Kama unampeleka mzazi sehemu ya aina hii, usione aibu kuomba.

Jumamosi Mama alishuka stendi akiwa na gauni lake la kitenge la Pasaka. Yule kijana alianza na "Shikamoo mama." Mama aliitikia, akamsikiliza lafudhi, akauliza, "Wewe ni wa Rombo?" Alikuwa wa Rombo kweli. Nikaona mabega ya Mama yanashuka.

Tulianza na meze, yaani vile visahani vidogo vinavyowekwa katikati kila mtu achovye mkate. Kulikuwa na dengu zilizosagwa na ufuta, limau na kitunguu saumu, na bilinganya lililochomwa juu ya moto hadi ganda likawa jeusi, likamenywa na kupondwa. Hili ndilo jambo ningemshauri yeyote: agiza meze kwanza, kwa sababu zinaliwa kwa mkono. Visu na uma vilibaki pembeni vimekunjwa kwenye kitambaa. Mama alimega mkate, akachovya bilinganya, akatafuna polepole. "Lina moshi," akasema. "Kama ndizi ya kuchoma." Akachovya tena.

Ayran hakuipenda. Ni maziwa ya mgando yaliyochanganywa na maji na chumvi, na kwake maziwa ya mgando hayatiwi chumvi. Aliirudisha upande wangu, tukaendelea.

Nyama ilikuwa kababu ya Adana, iliyopewa jina la mji wa kusini mwa Uturuki. Inatengenezwa kwa nyama ya kondoo iliyokatwakatwa ndogo sana kwa kisu, ikachanganywa na mafuta ya mkia na pilipili nyekundu, ikabandikwa kwenye chuma kipana kama upanga. Kutoka pale tulipokaa tuliona mafuta yakidondoka na mkaa ukiwaka. Nimekula nyama choma ya Kwa Mrombo, hapa hapa Arusha, miaka mingi na bado naipenda, lakini hii ni ufundi mwingine: laini, ina juisi, na pilipili yake inakuja baadaye. Mpishi, Mturuki mtu mzima, aliileta mwenyewe akasema "Afiyet olsun." Kijana akatafsiri: iwe afya kwenu. Mama akashtuka, "Afya? Si Kiswahili hicho?" Nikamweleza kwamba neno ni lile lile, wao na sisi tumelitoa kwa Waarabu, na kwamba bamia kwao ni bamya, pilau ni pilav, kahawa ni kahve. Alimgeukia mpishi akamwambia, "Afya na kwako, baba."

Baklava, kitindamlo kitamu cha matabaka membamba ya unga, tuligawana kipande kimoja. Kisha ikaja kahawa.

Inapikwa kwenye kibirika kidogo cha shaba chenye mkono mrefu, si dele la wauza kahawa wa mjini. Kahawa inasagwa laini kama unga, inatiwa na maji baridi na sukari kwa pamoja, inapashwa moto taratibu hadi povu lipande, inaondolewa kabla haijatokota. Haichujwi. Unasubiri machicha yatulie chini ya kikombe. Niliwahi kusoma kwamba mwaka 2013 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kahawa hii kwenye orodha yake ya urithi, nikamwambia Mama. Akauliza, "Wana mashamba ya kahawa huko?" Nikamjibu hawana, wananunua kwa wengine.

Alikaa na kikombe mkononi muda mrefu. Babu yangu alikuwa akipeleka kahawa yake KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanza mwaka 1933, na Mama tangu utotoni ameichuma, ameimenya, ameiosha, ameianika, ameipeleka chamani. Nyumbani tulikunywa chai. "Miaka yote hiyo," akasema, "sikuwahi kujua ina ladha hii."

Bili ilikuwa ndani ya bajeti yangu, na nilichukua risiti.

Wiki iliyofuata Mama alikaanga kahawa ya kihamba kwenye sufuria, akaitwanga kinuni na kuichekecha mara mbili. Povu halikupanda. Nikampigia yule kijana wa Rombo, akasema tatizo ni moto: ameupandisha mno, kahawa inatokota kabla ya povu kujikusanya. Mama alijaribu tena juu ya makaa yanayokaribia kuzima. Jumapili jioni simu yangu iliita, na hata salamu hakunipa. "Limepanda," alisema. "Njoo unywe."